Panzi, Nzige na Senene: Mhadhara Juu ya Majina

Nyasi zinazofunika bustani nyingi za Kitisuru, jijini Nairobi, zinajulikana duniani kwa jina la nyasi za kikuyu. Ziko Australia, ziko Afrika Kusini, ziko California, na kote huko zinatajwa kwa jina la watu wa nyanda hizi za juu, maana asili yake ni huku Afrika Mashariki. Asubuhi mtu wa shamba akiwasha mashine ya kukata nyasi, yangeyange weupe hutua nyuma yake na kumfuata hatua kwa hatua, shingo wamezinyoosha. Wanachokitafuta ni panzi. Mashine inapopita, wadudu waliojificha chini ya majani hulazimika kuruka, na ndege huwadaka kabla hawajatua.

Panzi aliyenusurika hutua kwenye jani refu kando ya ua na kuzunguka upande wa pili ili asionekane. Hapo mtu mwenye subira anaweza kumtazama kwa karibu. Vipapasio vyake ni vifupi, havifiki hata nusu ya mwili. Paja la mguu wa nyuma ni nene, limechorwa mistari myembamba iliyolala mshazari, na muundi wake una miiba pande mbili. Chini ya mbawa, kwenye pingili ya kwanza ya tumbo, kuna kiwambo kidogo kila upande: hilo ndilo sikio lake. Akishikwa hutema maji ya kahawia yanayotia doa vidole. Panzi wengi wakitaka kuita wenzao husugua paja kwenye bawa, na mlio hutoka hapo.

Waingereza humwita mdudu huyu kwa jina moja, kisha jina hilo hilo wakawapa wadudu wengine ambao Mswahili hangewachanganya hata gizani. Mhadhara huu unahusu jina la panzi: linabeba maana gani, jamaa zake ni akina nani, na majina hayo yametoka wapi. Hoja yake ni moja. Wasemaji wa Kiswahili na wa lugha ndugu zake waliwaita wadudu hawa kwa kadiri walivyokutana nao shambani, jikoni na wakati wa njaa. Ndani ya majina hayo mna historia ambayo vitabu vingi havikuiandika, na yanastahili kukusanywa sasa, wanaoyajua wakiwa bado hai.

Kiingereza kitangulie, kwa kuwa ndicho watoto wengi wa Kitisuru wanachosomea. Waingereza wa kale walisema gærshoppa. Sehemu ya kwanza ni nyasi, ya pili ni mrukaji. Baadaye neno likaongezewa mkia na kuwa grasshopper. Wajerumani walipita njia iyo hiyo: Heuschrecke ni nyasi zilizokaushwa pamoja na kitenzi cha zamani cha kuruka. Wafaransa waliachana na nyasi wakabaki na mruko, wakasema sauterelle. Majina yote matatu yanaeleza mahali na mwendo tu. Hayasemi kama mdudu huyu analiwa, wala kama yeye ndiye mlaji.

Kilatini kina habari ya kushangaza zaidi. Neno locusta lilimtaja mdudu wa shambani, na pia lilimtaja kamba mkubwa wa baharini, yule mwenye magamba na miguu ya kujikunja. Kutoka kwenye neno hilo Wafaransa wakapata langouste, jina la kamba anayeuzwa ghali hotelini, na Waingereza wakapata lobster kwa upande mmoja na locust kwa upande wa pili. Warumi waliona miguu ile na lile gamba, wakaona mmoja ni wa nchi kavu na mwingine ni wa majini.

Waswahili wa mwambao walifanya jambo la namna hiyo bila kumfuata Mrumi. Kwao panzi ni mdudu, na panzi ni samaki vilevile: yule anayeruka juu ya maji anapofukuzwa na samaki wakubwa, mapezi yake ameyatandaza, akaelea hewani kwa muda kisha akazama tena. Anayesafiri kwa chombo nje ya mwamba humwona akichomoka mbele ya omo. Mrumi aliongozwa na umbo la gamba na miguu. Mswahili aliongozwa na mruko, kule kuchomoka ghafla mtu asikotarajia.

Kuna na panzi wa tatu, na huyu hana uhai. Ni ile ngozi nyembamba ya kahawia iliyoshikamana na nyama ya nazi. Anayekuna nazi juu ya mbuzi hujua pa kukomea: meno ya mbuzi yakigusa panzi, machicha hupoteza weupe wake na tui hutoka na rangi. Mtoto wa mwambao hulijua jambo hili kabla hajajua kusoma. Nairobi, ambako tui hununuliwa katika pakiti, maana hii ya neno imebaki zaidi katika kamusi, na ni hasara, kwa kuwa neno linalotumika jikoni kila siku hudumu kuliko linalotunzwa kwenye rafu.

Katika sarufi panzi mdudu ana uhuru wake. Wengine husema panzi hawa, wengine mapanzi haya au mapanzi hawa. Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, ilichagua mapanzi mahali ambapo wapelelezi wa Musa wanajilinganisha na wadudu hao mbele ya majitu ya Kanaani. Ni mfano wa udogo na unyonge. Katika kitabu cha Isaya pia wakaaji wa dunia wanafananishwa na panzi wakitazamwa kutoka juu. Panzi basi, katika matumizi ya Kiswahili cha dini, ni kiumbe kidogo kisicho na nguvu. Mwenye nguvu ni jamaa yake.

Jamaa huyo ni nzige, na asili ya jina lake inaweza kufuatwa mbali sana.

Wataalamu wa lugha za Kibantu, wakifuata njia iliyofunguliwa na Carl Meinhof na kupanuliwa na Malcolm Guthrie, wamelinganisha lugha nyingi na kurudisha mzizi wa kale unaoandikwa -gige. Waganda husema enzige. Wanyarwanda na Warundi husema inzige. Wakikuyu, ambao ardhi yao ya Kabete inapakana na Kitisuru, husema ngigĩ. Wakamba husema ngie. Waluhya husema isike, na kwa wingi tsisike. Anayesikia maneno haya kwa mara ya kwanza huenda asione undugu kati ya nzige na ngie, lakini undugu upo na una kanuni. Tazama nzi, mdudu wa jalalani: Mkikuyu humwita ngi. Penye nz ya Kiswahili mwanzoni, Kikuyu kina ng, katika nzi na katika nzige vilevile. Tazama tena shamba, ambalo Mkikuyu huliita mũgũnda na Mkamba mũũnda. Ile g ya katikati Mkamba ameiacha, na ameiacha pia katika ngie. Mifano ya aina hii ndiyo inayomwezesha mtaalamu kusema kwamba maneno ni ndugu wa damu, wala mmoja hakuazima kwa mwingine juzi sokoni.

Maana ya jambo hilo ni nzito. Lugha mama ya Kibantu ilisemwa maelfu ya miaka iliyopita, huko mpakani mwa Nigeria na Kamerun ya leo. Neno likionekana kwa kanuni hizo katika lugha zilizotawanyika, basi wasemaji wa kale walikuwa nalo kabla hawajatengana, wakalibeba walipohama kuelekea mashariki na kusini. Walibeba jembe, walibeba mbegu, wakabeba na jina la adui wa mbegu.

Wajaluo, ambao lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa, wana dede, na pia bonyo. Kwao jina la mdudu limekuwa jina la mtu. Mtoto wa kiume aliyezaliwa nzige walipovamia aliitwa Odede au Obonyo, wa kike akaitwa Abonyo. Majina hayo yamo katika daftari za shule za Nairobi hadi leo, na mara nyingi anayeitwa hivyo amerithi jina la babu tu, hajui kwamba babu huyo alizaliwa majani yakiwa yameisha mitini. Wakikuyu nao walikuwa na desturi ya kuyapa marika ya tohara majina ya matukio ya mwaka. Rika moja la mwishoni mwa karne ya 19 liliitwa Ngigĩ. Ilikuwa miaka ya dhiki iliyofuatana: nzige, sotoka ya ng'ombe, ndui, ukame, hadi njaa kuu ya 1898 na 1899 ambayo wazee wa Kabete na Kiambu waliiita Ng'aragu ya Rũraya. Hakuna mtu aliyekuwa akiandika tarehe katika vilima hivi wakati huo. Jina la rika ndilo lililokuwa tarehe, na mwanahistoria anayetaka kupanga matukio ya miaka ile huanzia hapo.

Je, nzige na panzi ni wadudu wawili? Jibu la sayansi lilipatikana mwaka 1921, na lilitoka kwa Boris Uvarov, mzaliwa wa Uralsk katika Kazakhstan ya leo, aliyehamia London na baadaye kuongoza kituo cha utafiti wa nzige huko. Kabla yake, wataalamu walidhani kwamba panzi mpole wa kijani aishiye peke yake na nzige wa makundi ni spishi mbili. Uvarov alionyesha kwamba ni kiumbe kile kile katika hali mbili. Mvua ikinyesha jangwani, majani huota, wadudu huzaliana. Majani yakipungua, hubanana kwenye vichaka vichache vilivyobaki. Hapo hubadilika. Rangi hugeuka, mwenendo hugeuka, na aliyekuwa akimkimbia mwenzake huanza kumfuata. Mwaka 2009 watafiti walibainisha kwamba kuguswaguswa kwenye miguu ya nyuma kwa saa chache kunaongeza serotonini katika mfumo wa neva wa mdudu, na kemikali hiyo ndiyo inayoanzisha mgeuko.

Si kila panzi aweza kuwa nzige. Wale wa bustani za Kitisuru watabaki panzi maisha yao yote, hata wakibananishwa vipi. Uwezo huo uko kwa spishi chache, na mashuhuri kwa Afrika Mashariki ni nzige wa jangwani, Schistocerca gregaria. Nusu ya pili ya jina hilo la Kilatini maana yake ni mwenye kundi. Kiswahili kilikuwa kimeutambua mpaka huo kabla ya maabara: mmoja mmoja ni panzi, jeshi ni nzige.

Na jeshi hilo Kenya inalijua. Mwaka 1954 makundi yapatayo 50 yaliingia nchini, na kubwa kuliko yote lilifunika kilomita 200 za mraba, likakadiriwa kuwa na wadudu bilioni 10. Mwaka 1962 nchi za kanda zilianzisha kwa mkataba Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, ambalo ndege zake za kunyunyizia dawa zimekuwa na kituo katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Vizazi viwili vikapita. Waliokua katika miaka ya 1980 na 1990 walimjua nzige kwa kumsoma katika kitabu cha Kutoka.

Kisha zikaja tufani mbili za mwaka 2018, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, zikamwaga maji katika jangwa la Rub' al Khali, Uarabuni, mahali pasipokuwa na watu wa kutazama. Nzige walizaliana humo kwa vizazi kadhaa, wakavuka Yemen, wakaingia Pembe ya Afrika. Tarehe 28 Desemba 2019 walivuka mpaka wa kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mapema mwaka 2020 kundi moja katika eneo hilo lilipimwa likawa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Februari wakawa wameingia Uganda kupitia Karamoja, wakagusa kaskazini mwa Tanzania, wakafika mashariki mwa Kongo ambako hawakuwa wameonekana tangu 1944. Huku Kenya wakulima walipiga sufuria na mabati, wakapuliza filimbi, wakaendesha pikipiki wakipiga honi ndani ya mashamba. Kilomita moja tu ya mraba ya kundi hula kwa siku chakula cha watu 35,000, kwa kuwa kila mdudu, mwenye uzito wa gramu 2 hivi, hula uzito wake mwenyewe.

Walipofika walikuwa na rangi ya waridi. Wiki chache baadaye wale wale wakaonekana wa njano. Aliyejua, alijua kwamba hiyo ni habari mbaya: waridi ni nzige ambaye hajakomaa, njano ni nzige aliye tayari kutaga. Jike huchimba kwa tumbo katika mchanga wenye unyevu, akaacha mayai yake yamefungwa katika povu linalokauka. Yakianguliwa hutoka wadudu wasio na mbawa, ambao hujivua ngozi kwa kawaida mara tano kabla ya kupaa.

Hawa wasio na mbawa Kiswahili kina majina yao. Ni tunutu, pia ni kimatu. Neno tunutu linastahili kusimamiwa kwa nguvu zote. Katika vita dhidi ya nzige hakuna wakati mzuri kama ule wa tunutu, kwa sababu wanatembea kwa miguu, hawawezi kuvuka mpaka usiku mmoja, na dawa kidogo inayopulizwa kutoka ardhini huwafikia. Wakishaota mbawa, inahitajika ndege, na kundi linaweza kusafiri kilomita 150 kwa siku. Mfugaji wa Samburu au Isiolo anayepiga simu kwa ofisa wa kilimo na kusema ameona tunutu, amesema kwa neno moja umri wa adui, udhaifu wake na muda uliobaki. Taarifa ya serikali inayosema nzige wachanga inasema hayo hayo kwa kuzunguka, na msikilizaji huweza kudhani kwamba nzige hao nao wanaruka. Lugha iliyo na neno lililokwisha kutengenezwa na ikaacha kulitumia inajinyima silaha.

Watafsiri wa Biblia waliijua hazina hiyo. Nabii Yoeli anapoeleza uharibifu wa nchi yake hutaja walaji wanne kwa mfuatano, kila mmoja akimaliza alichosaza mwenzake, na Kiebrania kina jina kwa kila mmoja. Tafsiri nyingine za ulimwengu zimehangaika hapo, zikaongeza vielezi kwenye neno moja. Tafsiri ya Muungano iliweka tunutu, nzige, parare na madumadu, maneno manne yaliyokuwa midomoni mwa watu. Msomaji wa leo wa Nairobi huyapita haraka kwa sababu matatu kati yake hajayasikia popote isipokuwa kanisani. Waislamu nao wanamjua nzige katika Kurani: ni miongoni mwa adhabu zilizomshukia Firauni katika Sura ya al-A'raf, na katika Sura ya al-Qamar watu wanaofufuliwa kutoka makaburini wanafananishwa na nzige waliotawanyika. Katika sheria ya chakula, nzige na samaki ni halali bila kuchinjwa. Hapo, kama kwa Mrumi na kwa mvuvi wa mwambao, mdudu wa nyasini na kiumbe wa majini wanakutana tena.

Habari ya kuliwa inamleta jamaa wa tatu, na huyu anapendwa.

Senene si panzi kwa mizani ya sayansi. Jina lake la kitaalamu ni Ruspolia differens. Vipapasio vyake ni virefu kama nyuzi, hupita hata urefu wa mwili. Masikio yake yako kwenye miguu ya mbele. Na mlio wake hutoka kwa kusugua bawa kwa bawa. Kwa ukoo yuko karibu na nyenje kuliko panzi. Vitabu vya Kiingereza humwita panzi mwenye pembe ndefu, na watalii wanaopita Kampala huambiwa wamekula panzi. Mhaya hasemi hivyo, wala Mganda. Kwao ensenene ni kitu mbali, na Kiswahili cha Bukoba kikalichukua neno hilo likawa senene, likaenea Tanzania nzima pamoja na wasafiri wa Kagera waliobeba mifuko yao hadi Dar es Salaam.

Waganda wameuita mwezi wa Novemba Museenene, mwezi wa senene, kwa kuwa ndipo mvua huwaleta kwa wingi. Msimu mwingine huja Aprili na Mei. Kati ya koo za Buganda upo ukoo wa Nseenene, na watu wake hawamli mdudu wanayeitwa kwa jina lake. Zamani wanawake wa Buganda ndio waliokwenda kuokota senene alfajiri wakawatengeneza, lakini mila haikuwaruhusu kula. Walichopata ni vazi jipya, gomesi, kutoka kwa mume aliyefurahi. Mila hiyo imelegea na wanawake wanakula. Vizuri hivyo, kwa kuwa aliyewaondoa mbawa na miguu mmoja mmoja asubuhi nzima ana haki ya kuwaonja.

Masaka imekuwa makao makuu ya biashara hii. Wategaji husimamisha mabati marefu yaliyoinama juu ya mapipa, wakawasha taa kali za umeme usiku kucha, wakachoma nyasi mbichi ili moshi uwaleweshe wadudu. Senene huja kwenye mwanga, hugonga bati, huteleza ndani ya pipa. Asubuhi magunia hupakiwa kuelekea Kampala. Jikoni hawahitaji mafuta: wakishaondolewa mbawa na miguu huwekwa kwenye kikaango kikavu, mafuta yao wenyewe hutoka, kisha huongezwa chumvi na vitunguu. Hakuna mtu aliyewahi kuwapa panzi wa kawaida mapipa, taa na mwezi mzima katika kalenda. Majina yanatofautiana kwa sababu maisha yanatofautiana.

Shule za Nairobi zimempa panzi sifa nyingine ambayo haikuwa yake. Ni ile hadithi ya Aesop ya mdudu aliyeimba kiangazi chote na sisimizi aliyeweka akiba. Mwimbaji wa Kigiriki alikuwa tettix, mdudu wa mitini mwenye kelele kali, na Jean de La Fontaine alipoiandika kwa mashairi mwaka 1668 alimweka mdudu huyo huyo kwa jina la Kifaransa, cigale. Uingereza, ambako mdudu huyo ni nadra, wasimuliaji waliweka panzi wa nyasini. Wamishonari na waandishi wa vitabu vya kusomea wakaileta kwa Kiingereza, na panzi wa Kiswahili akaingia darasani akiwa mvivu. Hukumu hiyo si ya haki. Panzi wengi hawaishi kuuona msimu unaofuata. Akiba yao ni mayai yaliyofukiwa ardhini, na kazi hiyo huifanya kwa bidii zote.

Methali ya Kiswahili iliyomtaja inamtazama kwa macho ya shambani: vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wanasiasa wa Kenya huipenda kila muungano unapogawanyika. Inastahili kusomwa pia kama habari ya kweli ya viumbe. Kunguru wa Nairobi, yule mwenye kifua cheupe, hutembea nyasini akiokota wadudu, na panzi wawili wanaoshughulishana huonekana upesi kuliko aliyetulia nyuma ya jani. Aliyeitunga alikuwa amesimama mahali akatazama.

Mahali pa kusimama na kutazama panapungua upande huu wa mji. Kitisuru ilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa na mabonde yenye vijito, pamoja na Gitathuru unaoteremka hadi kuungana na Mathare. Leo sehemu kubwa ni nyumba, kuta na nyasi zinazofyekwa kabla hazijatoa mbegu. Nyasi fupi hazimfichi panzi. Bado Karura iko karibu, msitu ulioponea kwa ujasiri wa Wangari Maathai na wenzake mwaka 1999, na kandokando yake vichaka vinalia usiku wa mvua. Mtoto anayepelekwa huko na mtu mzima anayejua anaweza kujifunza kwa saa moja tofauti ya vipapasio vifupi na virefu.

Na watu wazima wanaojua wapo. Wako Kangemi, wako Wangige, wako Gachie, wazazi na mababu wa wale wanaofanya kazi katika nyumba za Kitisuru. Mzee wa Kikuyu atatenganisha ngigĩ na wadudu wengine wa nyasini bila kufikiri. Mama wa Kiluhya atasema ni tsisike zipi zilizokaangwa na zipi zilizoachwa. Mwalimu wa Kiswahili akiwatuma wanafunzi wake kuuliza, wakaandika jina, lugha, rangi, msimu, na kama mdudu analiwa au anaogopwa, atakuwa amefanya kazi ambayo watunga kamusi wanaihitaji sana. Kamusi zetu mara nyingi hueleza parare kuwa aina ya panzi, na panzi kuwa mdudu kama parare, kisha zinanyamaza.

Upande wa pili wa jiji, Kasarani, kuna mahali panapoitwa Duduville, na jina hilo ni dudu letu lililopewa mkia wa Kizungu. Ni makao ya ICIPE, kituo cha kimataifa cha sayansi ya wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, aliyesoma Makerere na Cambridge, akaamini kwamba wadudu wa Afrika wachunguzwe Afrika na Waafrika. Alifariki mwaka 2003. Watafiti wa kituo hicho wamewachunguza nzige na dawa za kuvu zinazowaua bila kuwadhuru nyuki, wamewachunguza senene, na mwaka 2018 aina ya nyenje anayefugwa Kenya kwa chakula ilitangazwa kuwa spishi mpya ya sayansi kwa jina la Scapsipedus icipe, kwa heshima ya kituo.

Kwa Kiswahili mdudu huyo hajapata jina lililokubaliwa. Wapo wanaomwita nyenje, wapo wanaosema chenene, na wapo wanaotamka kriketi kama walivyosikia kwenye mafunzo ya ufugaji. Unga wake unachanganywa katika uji na mikate, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo kina kituo kizima kinachoshughulikia wadudu kama chakula. Wafugaji wanapokutana kuuza mbegu hulazimika kwanza kuonyeshana mdudu mwenyewe ndani ya ndoo, ili wajue kama wanazungumzia kitu kimoja.